Mizani Ilikuja kwa Ajili ya Njaa: Historia ya Ushauri wa Lishe na Uzito Gitega na Muyinga

Utangulizi

Mtu mzima wa Gitega au Muyinga anayeambiwa kwamba uzito wake umezidi na kwamba aupunguze, hutoka kituo cha afya akiwa na swali moja: nikaupunguze kwa nani? Malaria ina maabara yake, mjamzito ana siku zake za kliniki, na mtoto aliyekonda ana chumba chake, mizani yake na muuguzi aliyefunzwa kumhudumia. Mtu mnene hana mlango wake. Anabaki na ushauri wa majirani, na wauza chai na vidonge vya kukausha tumbo sokoni, na akiwa na uwezo, na safari ya kwenda Bujumbura.

Insha hii inajaribu kueleza jambo hilo kihistoria. Hoja yangu ni kwamba elimu ya lishe ilipoingia nchini kwetu iliingia ikifuata njaa. Mizani, chati na mtaalamu mwenyewe waliandaliwa kwa ajili ya mwili uliopungukiwa. Kwa hiyo mwili uliozidi unapojitokeza hauna mahali pa kwenda, ingawa, kama nitakavyoonyesha, miili hiyo miwili mara nyingi ni ya mtu mmoja katika nyakati mbili za maisha yake.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Kifaransa chetu cha hospitalini kinatofautisha mtu wa lishe kwa jumla, ambaye anaweza kushughulika na vyakula, miradi na afya ya jamii, na yule anayepanga mlo wa mgonjwa mmoja mmoja kulingana na ugonjwa wake. Kiswahili huwaita wote wawili mtaalamu wa lishe. Katika insha hii nitamwita wa pili mshauri wa mlo pale tofauti hiyo itakapokuwa na maana.

Unene ulipokuwa heshima

Katika eneo la Maziwa Makuu unene haukuanza kama ugonjwa. Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, ufalme uliokuwa kaskazini ya Ngara, wilaya ya Tanzania ambayo leo inapakana na Muyinga. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1863 alieleza jinsi wanawake wa jamaa ya mfalme Rumanika walivyonenepeshwa kwa maziwa, wengine hadi kushindwa kusimama bila msaada. Speke aliomba ruhusa ya kumpima mmoja wao. Tukigeuza vipimo vyake kuwa sentimita, mkono ulikuwa na mzingo wa takribani 58, kifua 132, paja 79, na kimo cha mama huyo kilikuwa karibu 173.

Tukio hilo linastahili kuangaliwa kwa makini, maana linaonyesha mitazamo miwili ikikutana juu ya mwili mmoja. Kwa watu wa Karagwe, mwili ule ulikuwa tangazo: nyumba hii ina ng'ombe wengi kiasi kwamba mwanamke wake hana haja ya kushika jembe. Kwa Speke ulikuwa kioja cha kuandikwa kwa futi na inchi. Hakuna aliyemuuliza mama huyo kama magoti yanamuuma.

Burundi nayo ilikuwa nchi ya ng'ombe na jembe. Mpaka leo wazee wa Kirundi husalimiana kwa kutakiana makundi ya ng'ombe: mmoja husema "amashyo", mwenzake hujibu "amashongore". Sikukuu kubwa ya ufalme, Umuganuro, ilikuwa sikukuu ya mtama. Katika nchi ambayo mvua ikichelewa watu hulala njaa, shibe ilikuwa ishara ya amani na ya utawala mzuri. Si ajabu basi kwamba lugha zetu zimehifadhi heshima hiyo. Kwa Kiswahili, aliyeongezeka mwili husifiwa kwamba amenawiri au amependeza, na aliyepungua huulizwa kwa huruma: mbona umekonda, una nini? Mgeni anayerudi Muyinga kutoka safarini akiambiwa "umenenepa" anajua kwamba amepewa pongezi.

Pongezi hiyo iliongezewa nguvu na ugonjwa wa Ukimwi. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao waliandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa ambao watu wa Rakai waliuita kwa neno la Kiingereza la wembamba, Slim, kwa sababu wagonjwa walikonda sana. Mkoa wa Kagera, jirani yetu, ulikuwa umeona wagonjwa wake wa kwanza mwaka 1983. Kwa kizazi kilichokua katika miaka hiyo, kupungua kilo kulikuwa habari mbaya. Mtu aliyepungua kwa hiari alilazimika kujieleza kwa majirani. Mshauri yeyote anayemwambia mama wa miaka 50 apunguze kilo 10 anapaswa kujua kwamba anamwomba abebe pia tetesi za mtaani.

Mizani ya kahawa, mizani ya kibarua

Mwaka 1912 Wajerumani walihamisha makao ya utawala wa Urundi kutoka Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, hadi Kitega. Kwa njia ya askari, makarani na wafanyabiashara, Kiswahili kilipata makazi ya kudumu katika mji huo. Wabelgiji walichukua nchi mwaka 1916 na kuitawala mpaka uhuru, tarehe 1 Julai 1962. Katika kipindi hicho Mrundi wa kawaida alifahamiana na mizani kwa njia tatu, na hakuna hata moja iliyohusu afya ya mtu mzima.

Njia ya kwanza ilikuwa kahawa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930 utawala ulisambaza kilimo cha kahawa vilimani, na mkulima akajifunza kwamba jasho lake la mwaka mzima linaamuliwa na sindano ya mizani inayosomwa na mtu mwingine. Njia ya pili ilikuwa ajira. Katika miaka ya 1920 kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliandikisha wafanyakazi Ruanda-Urundi, na Warundi wengine wengi walivuka wenyewe kwenda Uganda na Tanganyika, ambako vibarua wa mkonge waliitwa manamba kwa sababu waliandikwa kwa namba. Mwili wa mwanamume ulikaguliwa ili kujua kama unafaa kazi, na posho ya chakula ilipimwa ili nguvu zisiishe. Njia ya tatu ilikuwa sayansi ya mbari. Mwaka 1954 Mbelgiji Jean Hiernaux alichapisha utafiti mkubwa wa vipimo vya miili ya watu wa Ruanda na Urundi. Hiernaux mwenyewe baadaye alikuja kuikosoa dhana ya mbari, lakini vipimo vya kimo na pua vilikuwa tayari vimetumika kuwagawa watu, na historia yetu inajua gharama yake.

Kuna jambo moja la kushangaza hapa. Kipimo ambacho dunia nzima inakitumia leo kuamua nani mnene kilitungwa na Mbelgiji. Adolphe Quetelet, aliyezaliwa Ghent mwaka 1796, alikuwa mtaalamu wa hesabu na nyota. Katika miaka ya 1830 aligundua kwamba kwa watu wazima uzito huongezeka takribani kwa kadiri ya kimo kikizidishwa kwa chenyewe. Hakuwa akitafuta tiba ya unene. Alikuwa akimtafuta "mtu wa wastani". Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake waliifufua hesabu hiyo na kuipa jina linalofupishwa BMI. Mtu mwenye kilo 80 na kimo cha mita 1.60 hugawa 80 kwa 2.56 na kupata 31. Kwa Shirika la Afya Duniani, kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Wabelgiji waliitawala Burundi kwa miaka 46 bila kumletea Mrundi mzima hesabu hiyo ya Mbelgiji mwenzao. Hawakuwa na sababu: tatizo walilokuwa nalo mbele yao lilikuwa njaa.

Mtoto mwenye kwashakoo na kuzaliwa kwa mtaalamu

Njaa ya 1943 na 1944, ambayo Wanyarwanda huikumbuka kwa jina la Ruzagayura, iliiumiza Ruanda-Urundi yote. Njaa za kabla yake zilikuwa tayari zimewafanya Wabelgiji wamlazimishe kila mlipa kodi kulima kiasi fulani cha mihogo na viazi vitamu, mazao yanayovumilia ukame. Sera hiyo ilijaza matumbo na kuokoa watu, lakini muhogo una wanga mwingi na protini kidogo sana. Sahani ya Mrundi ilianza kubadilika kwa amri: wanga ukawa mwingi, maziwa yakapungua, na maharagwe yakabaki ndiyo nyama ya maskini. Sahani hiyo ndiyo tuliyorithi.

Wakati huohuo Afrika ilikuwa inapewa elimu mpya ya lishe. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele, na mwaka 1935 akautambulisha kwa jina la wenyeji: kwashiorkor, ambalo Kiswahili kimeligeuza kuwa kwashakoo. Mwaka 1950 John Brock na Marcel Autret walizunguka nchi kadhaa za Afrika kwa niaba ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, na ripoti yao ya 1952 ikaufanya ugonjwa huo kuwa tatizo la bara zima. Upande wa pili wa Ziwa Kivu, huko Lwiro, taasisi ya utafiti ya Wabelgiji iitwayo IRSAC, iliyoanzishwa mwaka 1947, ikawa mahali pa kuuchunguza na kuutibu.

Hapo ndipo mtaalamu wa lishe wa kwetu alipozaliwa. Marekani, washauri wa mlo walianzisha chama chao mwaka 1917, Cleveland, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kazi yao ilijengwa hospitalini, jikoni, kando ya kitanda cha mgonjwa mzima. Kwetu mtaalamu alizaliwa kando ya mtoto mgonjwa, na silaha zake zilikuwa maziwa ya unga, mizani ya kuning'iniza na chati. Chati yenyewe, yenye mstari wa kupanda unaoonyesha kama mtoto anakua vizuri, ilibuniwa na David Morley katika kijiji cha Imesi-Ile, Nigeria. Kila mama wa Burundi aliyepeleka mtoto kliniki ameishika karatasi ya ukoo huo. Karatasi hiyo ina fundisho moja lisilosemwa kwa sauti: mstari ukipanda, furahi, ukishuka, ogopa. Kwa mtoto ni fundisho sahihi. Lakini mama aliyelisikia kwa watoto 6 au 7 hulibeba pia kwa ajili ya mwili wake mwenyewe.

Haya hayamaanishi kwamba wataalamu hawakukosea. Kwa miaka 20 hivi walidai kwamba tatizo la Afrika ni upungufu wa protini peke yake. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika Lancet kwamba mkazo ule ulikuwa kosa kubwa, kwa kuwa watoto wengi walikosa chakula kwa jumla, siyo protini tu. Ni vizuri kukumbuka hilo leo, ambapo wauzaji wa njia za kukonda nao huchagua kitu kimoja, leo wanga, kesho mafuta, na kukifanya adui pekee.

Vita, vituo vya lishe na Muyinga

Vita vilivyoanza mwaka 1993, kuishi kambini, na vikwazo vya kiuchumi vilivyowekwa na nchi jirani kuanzia 1996 hadi 1999 vilivunja kilimo na soko. Mwishoni mwa mwaka 2000 na mwanzoni mwa 2001 mlipuko mkubwa wa malaria ulipiga nyanda za juu, ikiwemo Kayanza, Ngozi na Karuzi, na utapiamlo ukaenda nao sambamba. Mashirika ya misaada yalifungua vituo vya kulishia watoto. Mfumo huo baadaye ukaingizwa katika huduma za kawaida: mtoto aliyekonda sana bila matatizo mengine hutibiwa akiwa nyumbani, kwa chakula cha dawa chenye siagi ya karanga kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1996, na aliye mahututi hulazwa hospitalini. Vilimani, akina mama ambao watoto wao wanakua vizuri huitwa "mama mwanga", na huwafundisha majirani zao kupika uji na mboga kwa vyakula vya hapohapo. Wizara ya afya ina mpango wake wa taifa wa lishe, PRONIANUT, na mwaka 2013 nchi ilijiunga na harakati ya kimataifa ya kupanua lishe.

Juhudi hizo zilistahili kabisa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2010 ulionyesha kwamba asilimia 58 ya watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao. Uchunguzi wa 2016 na 2017 ulikuta asilimia 56, na Muyinga ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika zaidi nchini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga walisema, na ni lazima mtu anayeandika kuhusu unene katika mkoa kama huo aanze kwa kukiri takwimu hizo.

Hata hivyo mfumo huo uliacha mpaka ulio wazi. Mwezi Mei 2006 serikali ilifanya matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5 na uzazi kuwa bure. Mtoto akawa na haki ya kupimwa bila malipo, mama akapimwa akiwa mjamzito, na baada ya hapo mtu mzima akabaki na mfuko wake. Fedha za wafadhili zilifuata njia ileile, maana zilitolewa kwa ajili ya utapiamlo wa watoto. Muuguzi wa lishe alifunzwa kushika utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Mtu mzima mnene anapoingia chumbani mwake, muuguzi huyo hana chati wala fomu ya kumwandikia, na mara nyingi mizani aliyonayo ni ya kuning'iniza watoto.

Unene warudi kwa sura nyingine

Je, kuna wanene wangapi Burundi? Katika uchunguzi wa 2016 na 2017 wanawake waliokuwa wembamba kupita kiasi walikuwa bado wengi kuliko waliozidi uzito. Lakini wastani wa taifa huficha tofauti ya mji na kilima, na miji inakua. Mwishoni mwa 2018 Gitega ilitangazwa kuwa mji mkuu wa kisiasa, na ofisi zikafuata. Mtu aliyetoka kulima akawa karani, aliyetembea akapanda pikipiki. Jioni kuna mishikaki na ndizi za kukaanga, na kampuni ya bia ya Brarudi, iliyoanzishwa mwaka 1955, ina kiwanda katika mji huo. Muyinga iko kwenye barabara ya mpaka wa Kobero, ambapo malori kutoka Tanzania hupita na bidhaa, mafuta ya kupikia yakiwamo. Kitambi, ambacho zamani kilikuwa cha wakubwa, sasa unaweza kukiona kwa dereva, kwa mwalimu na kwa mama muuza duka.

Hapa historia ya njaa na historia ya unene zinakutana. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, sehemu ya Uholanzi iliyokuwa chini ya jeshi la Ujerumani ilikumbwa na njaa kali. Mwaka 1976 watafiti waliochunguza vijana waliozaliwa wakati huo waliripoti kwamba wale ambao mama zao walishinda njaa katika nusu ya kwanza ya mimba walikuwa na unene wa kupindukia zaidi ya wenzao. Kuanzia miaka ya 1980 daktari Mwingereza David Barker alionyesha uhusiano kati ya uzito mdogo wa kuzaliwa na magonjwa ya moyo na kisukari ukubwani. Kwa maneno mepesi, mwili uliojengwa kwa uhaba hujifunza kuweka akiba, na shibe ikija baadaye akiba hiyo hugeuka mzigo.

Tukiisoma Muyinga kwa jicho hilo, picha inabadilika. Mtoto aliyedumaa mwaka 1996 ni mtu wa miaka 30 leo. Akihamia Gitega na kupata kazi ya kukaa, mwili wake una hatari kubwa kuliko wa mtu aliyeshiba tangu tumboni. Kwa hiyo anayesema kwamba ushauri wa uzito ni anasa ya matajiri, na kwamba nchi yenye udumavu haina haja nao, anazitenganisha sura mbili za kitabu kimoja.

Kumpata mtaalamu leo

Majirani zetu wametatua sehemu ya tatizo hili kwa sheria. Tanzania ilianzisha Taasisi ya Chakula na Lishe kwa sheria ya mwaka 1973, na katika miaka ya 1980 mradi wa Iringa, ulioanza katika vijiji 168, ulionyesha kwamba kijiji chenyewe kinaweza kupima, kujadili na kuchukua hatua. Leo halmashauri zake zina maofisa lishe. Kenya ilitunga mwaka 2007 sheria ya wataalamu wa lishe na washauri wa mlo, ikaunda taasisi ya kuwasajili. Faida ya sajili ni ndogo kwa maandishi lakini kubwa kwa mgonjwa: anaweza kuuliza kama jina la mtu limo. Pale ambapo mgonjwa hana pa kuuliza, kila mwenye simu na kopo la unga anaweza kujiita mtaalamu.

Kwa mtu wa Gitega au Muyinga, njia iliyo wazi zaidi huanzia mahali asipopatarajia, yaani kwa daktari wa kawaida au muuguzi wa hospitali ya wilaya. Hapo anaweza kupimwa shinikizo la damu na sukari, vitu viwili ambavyo muuza chai hawezi kuvipima. Baadhi ya watu huongezeka uzito kwa sababu ya ugonjwa au dawa wanazotumia, na wengine tayari wana kisukari bila kujua. Anayetumia dawa za kisukari akikata milo ghafla, au akifunga Ramadhani bila kumweleza daktari, anaweza kuanguka kwa kushuka kwa sukari. Baada ya hapo ndipo aulize nani hospitalini anahusika na lishe. Mara nyingi atakuwa muuguzi aliyezoea watoto, lakini misingi ya chakula anaijua, na mgonjwa anayerudi kila mwezi kupimwa ana mtu wa kumfuatilia.

Kama ana uwezo wa kwenda Bujumbura, takribani kilomita 100 kutoka Gitega na karibu mara mbili ya hizo kutoka Muyinga, au wa kuzungumza kwa simu na mshauri wa nchi jirani, historia niliyoieleza inampa maswali ya kuuliza. Umesomea wapi, na nani anaitambua kazi yako? Je, unauza wewe mwenyewe dawa unayoniandikia? Umeniuliza magonjwa yangu kabla ya kunipa orodha ya vyakula? Unaniahidi kilo ngapi kwa wiki? Ushauri unaokubalika na wengi ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na hata kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito huleta nafuu ya shinikizo na sukari. Anayeahidi kilo 10 kwa siku 10 anauza maji na choo.

Swali la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi: unajua tunakula nini? Orodha nyingi za kwenye simu zinataja shayiri, tufaha na samaki wa bahari za baridi. Muyinga kuna ugali wa muhogo, maharagwe, lengalenga, sombe, viazi vitamu, ndizi, na dagaa wa Tanganyika wanapofika. Mtu anaweza kupungua kwa chakula hichohicho: maharagwe na mboga viongezwe, donge la ugali lipunguzwe, mawese yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa, bia na soda zipunguzwe. Tena, familia nyingi hula pamoja sahani moja. Ushauri wa "sahani yako igawe robo nne" hauna maana kwa mtu asiye na sahani yake. Mshauri anayejua hilo atazungumza na mpishi wa nyumba, na si na mnene peke yake.

Hata vipimo vyenyewe vinahitaji akili. Shirikisho la kimataifa la kisukari limetoa mipaka ya mzingo wa kiuno kwa watu wa mabara mbalimbali, lakini kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara lilipendekeza itumike ile ya Wazungu, sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake, mpaka zitakapopatikana data zetu. Mwaka 1861 mwanamke wa Karagwe alipimwa kwa inchi za Mwingereza. Leo wajukuu wake wanapimwa kwa mpaka wa Ulaya. Kazi ya kutafuta mpaka wetu inawasubiri watafiti wetu.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba ugumu wa kumpata mshauri wa mlo Gitega na Muyinga haukutokana na uzembe wa muuguzi wala ujinga wa mgonjwa. Ulijengwa hatua kwa hatua: na utamaduni uliousifu unene, na utawala uliopima kahawa na vibarua, na sayansi iliyomfuata mtoto mwenye kwashakoo, na sera ya 2006 iliyofungua mlango wa mtoto na kumwacha mtu mzima nje.

Kwa kuwa ulijengwa, unaweza kurekebishwa, na kwa maoni yangu hauhitaji jengo jipya. Chumba cha lishe kipo, muuguzi yupo, na siku ya kupima inajulikana. Inahitajika mizani ya kusimamia mtu mzima, utepe wa kiuno, mafunzo ya nyongeza, na daftari la wagonjwa wazima. Mama anayemleta mwanawe kupimwa angeweza naye kupanda mizani siku hiyohiyo. Serikali nayo ingeweza kujifunza kutoka Kenya jinsi ya kuwasajili wenye elimu, ili mgonjwa awe na pa kuuliza.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu. Neno utapiamlo katika mazungumzo yetu limekuja kumaanisha kukonda tu, ingawa wataalamu hulitumia kwa kukosa na kwa kuzidi. Maelezo ya kisukari na uzito hospitalini yameandikwa zaidi kwa Kifaransa, lugha ambayo mama wa sokoni haisomi. Kuyaandika kwa Kirundi na Kiswahili kinachoeleweka Gitega na Muyinga, kwa majina ya vyakula vyetu na bila kumtukana mtu kwa mwili wake, ni kazi inayotuhusu, na inaweza kuanza kabla mizani ya watu wazima haijafika.